Kupimwa kwa Elimu ya Dini: Kutoka Msikiti wa Mtume hadi Chumba cha Mtihani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyemfundisha mwanaadamu kwa kalamu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka unapokaribia mwezi wa Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne wanapojiandaa kwa mtihani wa Taifa, msikiti wetu mdogo hapa Msimbazi hupata wageni baada ya swala ya Isha. Maduka ya Kariakoo yanakuwa yanafungwa, mikokoteni inarudi na mizigo iliyobaki, na vijana wa kiume na wa kike huingia madrasa wakiwa na daftari na karatasi za mitihani iliyopita. Wanataka kusaidiwa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu.

Mwaka mmoja alinijia kijana niliyemsomesha tangu akiwa mdogo. Alikwisha khitimu Qur'an, akasoma Safina, akafika katikati ya Matn ya Abu Shujaa. Mtihani wa majaribio wa shule yake ulikuwa umempa alama D. Akaniuliza, "Sheikh, mimi ndiye ninayewasalisha wenzangu shuleni. Aliyepata A hajui hata kusujudu sijda ya kusahau. Sasa nani anajua dini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Wapo baadhi yetu masheikh ambao wangelimwambia kwamba dini haifanyiwi mtihani, kwamba karatasi ni mambo ya shule na elimu ya kweli iko kwenye duara ya mwalimu. Nami nikiri kwamba niliwahi kusema maneno hayo. Lakini nilipoirudia historia niliona kwamba kauli hiyo haina msingi mzito. Basi na tuitazame historia hiyo, kisha turudi kwa kijana wetu.

KUPIMWA KATIKA SUNNAH

Imam Bukhari, katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, ameweka mlango maalumu kuhusu kiongozi kuwatupia swali wenzake ili apime elimu waliyo nayo. Chini ya mlango huo ameleta hadithi mashuhuri ya Abdullah bin Umar (r.a.), ambayo pia imo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwauliza sahaba zake juu ya mti mmoja ambao majani yake hayapukutiki, nao ni mfano wa Muislamu: ni mti gani huo? Watu wakaanza kutaja miti ya jangwani. Ibn Umar ilimjia moyoni kwamba ni mtende. Lakini alikuwa kijana mdogo miongoni mwa wakubwa, akaona haya, akanyamaza. Mwishowe Mtume (s.a.w.) mwenyewe akawaambia kuwa ni mtende.

Baadaye Ibn Umar alimweleza baba yake yaliyompitikia. Umar (r.a.) hakumsifu kwa ule ukimya. Alimwambia kwamba kama angelilisema jibu lile, lingelikuwa kipenzi kwake kuliko mali nyingi.

Wanavyuoni wametoa mafunzo mengi katika hadithi hii. Kwa maudhui yetu tunachukua mawili. La kwanza, kumpima mwanafunzi kwa swali ni jambo lililofanywa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na muhaddithina wakubwa wakalifahamu hivyo. La pili, jibu lililobaki moyoni halikumfaa mtu yeyote katika kikao kile. Ibn Umar alijua, lakini alipoulizwa hakulitoa. Na baba yake, pamoja na heshima yake kwa adabu ya mwanawe mbele ya wakubwa, aliona kuwa ni hasara.

WANAVYUONI WALIVYOPIMANA

Waliokuja baada ya sahaba waliendeleza jambo hili. Al-Khatib al-Baghdadi amesimulia katika Tarikh Baghdad jinsi wanahadithi wa mji huo walivyompima Imam Bukhari alipowasili kwao. Walichukua hadithi mia moja, wakabadilisha isnadi zake, ya hii wakaiweka kwa ile, kisha wakawapa watu kumi, kila mmoja hadithi kumi. Kila alipoulizwa Bukhari alisema haijui. Walipomaliza wote, akamgeukia wa kwanza, akairudisha kila hadithi kwenye isnadi yake mpaka zikatimia mia. Ibn Hajar ameeleza kwamba cha kustaajabisha zaidi ni kwamba aliyahifadhi hata makosa yao kwa mpangilio uleule walioyataja, baada ya kuyasikia mara moja tu.

Kupima hakukuishia kwenye elimu ya sharia. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru kwamba asitibu mtu ila aliyepimwa na Sinan bin Thabit, na kwa mujibu wa Ibn Abi Usaybi'a waliopimwa katika mji ule walizidi 860. Hapa lengo la mtihani linaonekana wazi: kuwalinda watu na mwenye kudai elimu asiyokuwa nayo.

Kwenye duara za misikiti, kipimo kikubwa kilikuwa ijaza. Mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya mwalimu, akasahihishwa, na mwalimu alipotosheka humruhusu kukisomesha. Ijaza ilibeba jina la mwalimu na mwalimu wa mwalimu. Huko Misri, Azhar iliendelea na utaratibu wa namna hii kwa karne nyingi, hadi mwaka 1872 ilipowekwa kanuni ya kumtahini rasmi, mbele ya jopo la wanavyuoni, yule anayetaka shahada ya ualimu wa dini. Kwa hiyo hata taasisi kongwe kama Azhar iliona haja ya mtihani wenye utaratibu, wala haikudhani kwamba imeacha dini.

Katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, njia ilikuwa ni ile ya duara. Mtoto alianza na juzuu Amma, akaja Safinatun Najah ya Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, kisha Abu Shujaa, Ajurrumiyya katika nahau, na mwenye bahati akafika Minhaj ya Imam Nawawi. Mwalimu alimjua kila mwanafunzi kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia. Hakuwa na haja ya karatasi ili kujua nani ameelewa. Hii ilikuwa neema kubwa. Lakini ilikuwa na sharti: aliyekupima na aliyekuhitaji walikuwa watu wa mji mmoja. Imamu aliyepewa ijaza kwa sheikh wa mtaa wake alijulikana na mtaa huohuo.

KARATASI ILIPOKUWA MLANGO

Sharti hilo lilivunjika pale utawala wa kikoloni ulipoleta shule na ajira zake. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Chini ya Waingereza, sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika wa Tanganyika ilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Matokeo yake, kijana aliyehifadhi misahafu na matini akawa hana karatasi ambayo ofisi ya serikali ingeitambua. Elimu yake haikuwa bure mbele ya Allah (s.w.), lakini mbele ya mlango wa ajira alikuwa kama Ibn Umar: anajua, ila hakuna aliyemsikia.

Wazee wa Dar es Salaam hawakukaa kimya. Hapa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, iliundwa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933, Kleist Sykes akiwa miongoni mwa waasisi wake. Jumuiya hiyo ilijenga shule katika New Street, ambayo leo ni mtaa wa Lumumba, ili mtoto wa Kiislamu asome hesabu na Kiingereza bila kuiacha dini yake. Mwaka 1945 ikaundwa East African Muslim Welfare Society huko Mombasa, chini ya ulezi wa Aga Khan, ikajenga shule na misikiti katika Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968, na BAKWATA ikaundwa mwezi huohuo wa Desemba.

Wakati huo mitihani nayo ilikuwa ikihama. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakifanya mtihani wa Cambridge. Mwaka 1968 Tanzania ilijitoa huko, ikashirikiana na majirani katika mtihani wa Afrika Mashariki hadi 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo mtihani ukawa wetu wenyewe. Lakini somo haliwezi kutahiniwa kama halina vitabu, na elimu ya Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili, iliyopangwa kwa vidato, ilikuwa karibu haipo.

Pengo hilo lilizibwa na vijana. Mwaka 1975 ilianzishwa Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, kundi la wasomi walioathiriwa sana na mwalimu wa hisabati kutoka Pakistan, Muhammad Hussein Malik. Kwa miaka kadhaa walifanya kazi na BAKWATA kabla ya kutengana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wao, na baada yao Islamic Propagation Centre iliyochapisha mfululizo wa Maarifa ya Uislamu, ndio waliokaa chini wakapanga mada: elimu, imani, nguzo, sharia, familia, uchumi, historia ya Mtume (s.a.w.) na ya makhalifa. Mtu anaweza kukhitilafiana nao katika masuala fulani. Lakini kijana wa leo anayefungua kitabu cha somo hili kwa Kiswahili anakula matunda ya miti waliyoipanda.

Tumelieleza hili kwa urefu ili ijulikane kwamba somo hili halikushuka lenyewe kwenye ratiba ya shule. Watu walilihangaikia. Basi ni makosa kwa sheikh kulidharau, na ni makosa kwa mwanafunzi kulichukua kama njia nyepesi ya kuongeza alama.

NILIPOKAA MTIHANI MWENYEWE

Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, niletee karatasi hiyo." Mimi nilisoma madrasa na Kiarabu, mtihani huu sikuwahi kuufanya. Nikamwomba mwalimu mmoja wa sekondari anayesali nasi aniandalie karatasi ya mazoezi kwa mpangilio uleule: maswali ya kuchagua na kuoanisha, majibu mafupi, na mwisho insha. Nikakaa na vijana saa tatu kamili, kalamu mkononi.

Nilipata alama 58. Vijana walicheka kwa adabu, nami nikacheka nao. Insha ya mwisho sikuimaliza kabisa. Mwalimu alinionesha kosa langu. Swali lilitaka hoja tano zinazothibitisha kwamba mkataba wa Hudaybiyya ulikuwa ushindi kwa Waislamu. Mimi nilianza na ndoto ya Mtume (s.a.w.), nikaeleza safari, baia chini ya mti, mjadala na Suhayl bin Amr, huzuni ya Umar (r.a.), kurasa tatu nzima. Akaniambia, "Sheikh, umetoa darsa nzuri sana, lakini hukuulizwa kisa. Umeulizwa hoja." Kila nilichoandika kilikuwa sahihi, na karibu hakuna kilichojibu swali.

Hapo ndipo nilipofahamu D ya kijana wangu. Madrasa tumemfundisha kuhifadhi na kusimulia kwa mpangilio wa kitabu. Mtihani ulimtaka achague katika anachokijua, akipange kwa mujibu wa swali, akitolee ushahidi. Huu nao ni ujuzi, tena si mgeni kwetu: mufti anapoulizwa suala la talaka hasomi mlango mzima wa nikah. Hutoa hukumu, dalili, na mipaka yake.

Tukalijibu swali lile upya pamoja. Kwanza, katika mwaka wa 6 Hijria Maquraysh walikaa meza moja na Dola ya Madina na kuandikiana nayo, jambo lililokuwa ni kuitambua. Pili, vita vilisimamishwa kwa miaka kumi, watu wakachanganyika na Uislamu ukasikilizwa. Waliokuwa Hudaybiyya ni kiasi cha 1400, na miaka miwili baadaye walioingia Makka mwaka wa 8 Hijria walikuwa 10,000. Tatu, Mtume (s.a.w.) alipata nafasi ya kuwaandikia wafalme wa nchi za nje. Nne, upande wa kusini ulipotulia aliweza kuikabili Khaybar mwaka wa 7. Tano, makabila yalipewa uhuru wa kuchagua upande, Khuzaa wakajiunga na Waislamu, na kuvunjwa kwa haki yao ndiko kulikoleta ufunguzi wa Makka. Juu ya yote hayo, Surat al-Fat-h iliteremka njiani wakati wa kurejea, ikiuita mkataba ule ushindi wa wazi. Ukurasa mmoja ulitosha.

KHITILAFU YA KITABU NA DUARA

Jambo jingine linalowatatiza vijana ni pale kitabu cha shule kinapoonekana kupingana na walichosoma kwa sheikh. Mfano ni fardhi za udhu. Aliyesoma Safina anajua ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na vifundo vya viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo vyake, na kufuata utaratibu. Akifungua Surat al-Maida aya ya 6 anaona vitendo vinne. Basi je, sheikh wake amezidisha?

La hasha. Aya imetaja vitendo vinne vya viungo, na Hanafi wamezihesabu fardhi kuwa ni hizo nne. Mashafii wameongeza nia kwa dalili ya hadithi ya nia, na utaratibu kwa dalili ya mpangilio wa aya yenyewe, ambapo kichwa kinachopakwa kimewekwa kati ya mikono na miguu inayooshwa. Mwanafunzi akiulizwa yaliyotajwa katika aya, aandike manne. Akiulizwa fardhi kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, aandike sita. Swali likiwa la jumla, aandike jibu lake pamoja na dalili. Akifanya hivyo atakuwa amemheshimu mwalimu wa shule na wa madrasa, na atakuwa ameonja fiqhi, kwani fiqhi ni kujua hukumu imetoka wapi.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Kwa maimamu wenzangu wa mjini: vyumba wanavyoishi vijana wetu ni finyu, na kelele za Kariakoo hazimpi mtu nafasi ya kusoma. Msikiti una taa, maji na utulivu. Tuwafungulie baina ya Maghrib na Isha, na baada yake. Tumwalike mwalimu wa somo anayeijua mihtasari ya sasa, kwani mihtasari hubadilika na kitabu cha kaka mtu huenda si cha mdogo wake. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Tuzisome, kwani zinaonesha wapi vijana wanateleza.

Kwa wanafunzi: jueni tofauti ya "taja", "fafanua", "bainisha" na "jadili", kwani kila neno lina haki yake. Andikeni majibu kwa mkono na kwa saa, msitosheke na kusoma kwa macho. Tarehe zijueni kwa Hijria na kwa Miladia. Aya mkiinukuu, hakikisheni mnaijua, kumsingizia Allah (s.w.) neno ili kupata alama ni hatari kubwa kuliko kuikosa alama hiyo.

Na tuseme wazi juu ya udanganyifu. Mtume (s.a.w.) amemtoa mwenye kughushi katika mwenendo wa Waislamu, na mtihani ni katika hayo. Anayeingia na majibu yaliyovuja katika somo la hisabati amefanya haramu. Anayefanya hivyo katika somo la dini ameongeza juu ya haramu hiyo istihizai, kwani karatasi inamuuliza juu ya amana naye anaikhini akiwa anaijibu. Afadhali D ya halali.

Ama swali la kijana wangu, nani anajua dini, nilimjibu baadaye. Nilimwambia kwamba mwenzake aliyepata A na asiyejua sijda ya kusahau ana deni, na wewe uliyejua ukashindwa kueleza una deni pia. Kaeni pamoja mlipane. Wakakaa. Kwa wiki kadhaa nikawaona pembeni mwa mihrabu, mmoja akimwonesha mwenzake jinsi ya kugawa hoja, na mwingine akimwelekeza sijda mbili kabla ya salamu. Siku ya mtihani walikwenda pamoja.

Alama zao si jambo la kuandikwa gazetini. Tunachomuomba Allah (s.w.) ni elimu yenye manufaa, na ulimi na kalamu ya kuifikisha pale inapoulizwa.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.